Maswali ya Wasomaji: Dakika Tatu Jukwaani na Jani la Mkonge

SWALI: Mhariri, pokea salamu zangu kutoka Chumbageni, Tanga. Ninasoma shahada ya uzamili na ninatafiti namna ya kupata gesi ya kupikia kutokana na mabaki ya mkonge yanayotupwa nje ya korona, yaani kiwanda cha kupara majani ya mkonge. Mwezi ujao kutakuwa na shindano ambamo watafiti vijana watapanda jukwaani, kila mmoja kwa dakika tatu, waeleze kazi zao mbele ya watu wa kawaida. Ninatamani kushiriki, lakini mzee mmoja wa idara yetu ninayemheshimu sana ameniambia kuwa sayansi si ngoma ya kuchezwa uwanjani, na kwamba nikiwachekesha watu leo hawatanisadiki kesho. Isitoshe, pipa langu la majaribio limechacha mara mbili, naona haya kulitaja. Je, nishiriki? Na nikishiriki, nitumie Kiingereza nilichoandikia tasnifu au Kiswahili?

JIBU: Mwanangu, hofu ya mzee wako si ya kubezwa. Yeye ameona watu wakipewa kipaza sauti wakaahidi wasichoweza, na anajua kwamba mtafiti akishapoteza kuaminiwa, hata kweli yake haisikilizwi tena. Hata hivyo, ninakushauri ushiriki, na nina sababu.

Kuieleza sayansi kwa namna ya kupendeza si uzushi wa siku hizi. Mwaka 1825 taasisi ya Royal Institution ya London ilianzisha mihadhara ya Krismasi kwa ajili ya vijana, na mwaka 1860 mwanasayansi Mwingereza Michael Faraday, ambaye hakuna anayeweza kumwita mchekeshaji, aliwasha mshumaa mbele ya watoto, akautumia huohuo kuwaeleza namna vitu vinavyoungua, hewa ilivyo, na maji yanavyotokea pale moto unapowaka. Mashindano yenyewe ndiyo mageni zaidi. Lile la dakika tatu lilianzia Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, mwaka 2008, wakati wa ukame, ambapo watu waliweka kipima muda cha dakika tatu bafuni ili wasioge kwa muda mrefu. Chuo kikaona kuwa muda huohuo ungeweza kumtosha mwanafunzi kueleza tasnifu yake, akiwa na picha moja tu isiyosogea nyuma yake. FameLab, lililoanza Cheltenham, Uingereza, mwaka 2005, halimruhusu mshiriki hata picha hiyo, bali vitu anavyoweza kuvibeba mwenyewe hadi jukwaani. Huko Darmstadt, Ujerumani, mwaka 2006 walichukua mtindo wa mashindano ya kughani mashairi, yaliyokuwa yameanzia Chicago katika miaka ya 1980, wakawapa watafiti dakika kumi na hadhira ikawa mwamuzi.

Ninaposoma habari za Darmstadt huwa ninaikumbuka Tanga. Mji uliosikiliza vilabu vya taarabu vya Black Star na Lucky Star vikishindana, na ambao washairi wake wamejibizana kwa beti tangu zamani, hauhitaji kufundishwa kuwa shindano laweza kubeba jambo zito. Wasikilizaji wetu wana masikio makali: hucheka, lakini aliyekuja mikono mitupu humtambua mapema.

Kwa hiyo usianze kwa kutafuta kichekesho. Tega kitendawili. Hapa sisemi kwa mfano tu, kwani mpangilio wa kitendawili ndio mpangilio wa utafiti: swali hutangulia, wasikilizaji huhangaika nalo, na jibu halitolewi mpaka waliokwama wakubali kutoa mji. Kosa ninaloliona mara kwa mara kwa watafiti wanaozungumza hadharani ni kutoa jibu kabla mtu hajalitamani, wakianza na jina la mradi, mbinu zilizotumika na shukrani kwa wafadhili, hata dakika tatu zinakwisha hadhira ikiwa bado haijui kilichokuwa kikitafutwa.

Wewe una kitendawili kilicho tayari. Panda na mizani ya dukani na kilo moja ya majani ya mkonge. Liinue jani moja, walione lilivyo nene na mwiba wake mweusi nchani, kisha waulize: katika kilo hii, katani, yaani nyuzi, ni kiasi gani? Waache wakisie. Wengi watataja nusu, wengine robo. Hapo utoe singa, yaani hizo nyuzi, zilizokwisha kuparwa na kukaushwa, uziweke kwenye mizani: takriban gramu 40. Mkonge umelimwa kwetu tangu mwaka 1893, mtaalamu wa kilimo Mjerumani Richard Hindorf alipoleta miche kutoka Florida, ikasalimika 62 kati ya 1,000. Na tangu hapo sehemu kubwa ya kila jani imekuwa ikiishia kwenye lundo la kijani nyuma ya korona, lenye harufu anayoijua kila aliyepita Muheza au Korogwe. Baada ya mizani hakuna atakayekuuliza kwa nini unatafiti mabaki. (Kazi ya kupara uifanye nyumbani, maana utomvu wake unawasha, na dakika tatu hazitoshi kupara na kueleza.)

Kisha lije pipa, na hapa ninakusihi: hayo machacho unayoyaonea haya ndiyo kiini cha dakika zako tatu. Eleza kwamba ndani ya pipa lisiloingia hewa kuna makundi ya vijidudu yanayopokezana kazi, kama yale ya tumboni mwa ng'ombe. Baadhi huyavunja mabaki na kutoa asidi, na wengine huigeuza asidi hiyo kuwa gesi ya methani, ile inayowaka. Pipa likilishwa haraka kupita kiasi, wa kwanza huwazidi kasi wa pili, asidi hujaa, na watengenezaji wa methani huacha kazi. Kila mama aliyewahi kuacha uji ukachacha atakuelewa papo hapo. Sema lilichacha mara ngapi, sema ulipunguza nini ukajaribu tena, na usiongeze neno. Ukisema gesi yako itaokoa misitu yote ya Usambara, utakuwa umempa mzee wako ushahidi aliokuwa akiutafuta. Ukisema pipa moja limewasha jiko moja kwa muda ulioupima, hata kama ni mfupi, hakuna wa kukupinga.

Kuhusu lugha, zungumza Kiswahili. Sisemi hivyo kwa ajili ya wasikilizaji peke yao. Chukua sentensi tano muhimu za tasnifu yako, uzieleze kwa Kiswahili kwa jirani asiyesoma sayansi. Ile itakayokukwama kooni ndiyo ambayo bado umeikariri tu. Wafanyakazi wa mashambani wana maneno yao: singa, katani, korona, brashi. Yatumie hayo, na methani iite methani baada ya kusema kuwa ndiyo inayowaka.

Kabla ya siku yenyewe, nenda na mizani yako kwa yule mzee, umweleze kwa dakika tatu kamili, na umwombe akukatize pale tu utakaposema jambo usilolipima.

SWALI: Ninafundisha sekondari Muheza na ningependa kuwapeleka wanafunzi wangu kwenye mashindano ya namna hiyo. Wasiwasi wangu ni kwamba hadhira ikipiga kura, atashinda mcheshi kuliko mtafiti mzuri.

JIBU: Mwalimu, wakati mwingine ndivyo inavyokuwa, na waandaaji wanalijua jambo hilo. Katika FameLab waamuzi hupima mambo matatu: usahihi wa maudhui, uwazi wa maelezo na mvuto wa mzungumzaji. Mimi ningependa hadhira nayo ipewe kipimo chake. Wapatie wanafunzi wako karatasi, na baada ya kila mshiriki waandike sentensi moja tu: huyu alitaka kujua nini, na aligundua nini? Wasipige kura kabla ya kuandika. Mkirudi darasani, zisomeni kwa sauti. Mshiriki ambaye sentensi zake arobaini zinafanana atajulikana, na yule aliyechekesha sana huku karatasi zake zikiwa tupu naye atajulikana.