Barafu hufuata upepo au maji?

SWALI: Shikamoo mzee. Mimi ni mvuvi wa dagaa, mwalo wa Igombe, Mwanza, Ziwa Victoria. Mbalamwezi hii hatuingii ziwani, basi juzi nilikaa na mjomba wangu aliyewahi kuwa baharia. Anadai huko Kanada meli huzungushia kamba milima ya barafu na kuivuta isigonge mitambo ya mafuta. Nikamwambia kitu kinachoelea kinakwenda na upepo, kama gugumaji, kwa hiyo watazame upepo tu. Akacheka, akasema wanapima mkondo mpaka chini. Kwa nini wajisumbue? Na mkondo usioonekana unapimwaje?

JIBU: Marahaba. Mjomba hajakudanganya. Nilifanya misimu miwili kwenye meli ya huduma mashariki mwa Newfoundland, kisiwa cha Kanada, nikiwa fundi wa vyombo vya kupimia, na kamba hiyo nimeishika. Ni nene, inaelea, na meli huizungusha nyuma ya barafu kama mtu anayetupa kokoro, ule wavu wa kukokota (najua limepigwa marufuku, ni mfano tu). Halafu inavuta polepole, saa nyingi. Hakuna anayetaka kuipeleka mbali, inatosha kuipinda njia ipite pembeni. Mara nyingine kamba huteleza au barafu hupinduka, mnaanza upya huku mikono imekufa ganzi.

Sasa gugumaji. Asubuhi limefunga mwalo, jioni maji meupe. Majani yake ni tanga, na mizizi haifiki mbali. Barafu ni kinyume chake: karibu sehemu 9 kati ya 10 zimezama. Upepo unashika kichwa tu, mwili wote umeshikwa na maji, na maji ya juu, ya kati na ya chini kila tabaka lina mwendo wake. Wewe hili unalijua. Hujawahi kuona chelezo la taa linakwenda huku, wavu unavutwa kule?

Ukikosea kukisia njia yake, muda unakuishia. Mtambo wa Hibernia, wa huko huko Newfoundland, ulioanza kutoa mafuta mwaka 1997, umekaa juu ya sakafu ya bahari kwa kitako cha zege, kwenye kina cha mita 80 hivi, karibu sawa na ziwa letu pale lilipo na kina kirefu kabisa. Huo umejengwa ustahimili kugongwa. Meli za kuzalisha mafuta zinazoelea hukimbia: hujichomoa kwenye mabomba na kuondoka, na kujichomoa si kazi ya dakika moja.

Chombo cha kupimia mkondo ukikibeba ni kama ndoo ya lita kumi iliyojaa. Usoni kina duara nne, kila moja kama kisosi, zimeinamia pande tofauti. Kila duara hupiga mlio ambao sikio letu halisikii, kisha hunyamaza na kusikiliza. Mlio hugonga vijidudu na chembe zinazobebwa na maji, mwangwi unarudi. Simama kando ya barabara pale Usagara, basi lipite limeshikilia honi: likija sauti ni nyembamba, likishakupita inakuwa nzito. Kwa njia hiyo chombo kinajua vijidudu vinakuja au vinakwenda, na kwa kasi gani. Mwangwi wa mapema umetoka karibu, uliochelewa umetoka mbali. Basi chombo kimoja kinakusomea mkondo tabaka kwa tabaka.

Kwenye bahari inayoganda juu, kama Beaufort, kaskazini mwa Kanada, kuna chombo kingine cha kupima barafu imezama kiasi gani, kinachofungwa karibu na sakafu kikitazama juu. Shinikizo la maji linakiambia kiko kina gani, mwangwi unakiambia tumbo la barafu liko umbali gani. Kikiwa mita 50 chini na barafu iko mita 38 juu yake, barafu imezama mita 12. Hapa niliwahi kuaibika. Nilipokuwa najifunza kuchakata vipimo hivi, niliingiza kasi ya sauti kwenye maji yasiyo na chumvi ya nyuzi 25, karibu mita 1,500 kwa sekunde, wakati kwenye maji ya bahari yanayokaribia kuganda ni kama 1,440. Zile mita 38 zikasomeka 39.6, barafu ikakonda kwa zaidi ya mita moja na nusu. Msimamizi aliniuliza kama huko watu wanaogelea. Na si mzaha: vipande vya barafu vikibanana na kupandana, ncha ya chini hulima sakafu ya bahari, na kina cha kufukia mabomba hupangwa kwa vipimo hivyo.

Mawimbi hupimwa kwa boya lenye kihisi kinachofuatilia linavyopanda na kushuka. Ukisoma "mawimbi mita 4", mara nyingi huo ni wastani wa ile theluthi ya mawimbi iliyo mirefu kuliko mengine. Moja peke yake linaweza kukaribia mita 8.

Kama bado unabishana na mjomba, chukueni madumu mawili matupu ya lita tano. La kwanza liache hivyo. La pili lifungie kamba ya mita tano, mwishoni ndoo kuukuu yenye jiwe dogo. Yaachieni pamoja mbali kidogo na ufukwe, siku yenye upepo, myafuate kwa mtumbwi saa moja, kisha myaokote. Niandikie yameachana hatua ngapi.