Maswali ya Wasomaji: "Malaika" ni wimbo wa harusi?

SWALI: Mhariri, katika harusi ya mdogo wangu wa kike bendi ilipiga "Malaika" wakati maharusi wakikata keki. Mjomba wetu akaguna, akasema kuwa wimbo ule haufai harusini. Je, alikuwa na hoja, au ni mambo ya wazee tu? – Msomaji, Tanga.

JIBU: Mjomba wako aliyasikiliza maneno kuliko bendi yenyewe. Anayeimba si bwana harusi, bali ni kijana aliyeshindwa kuoa, na kitenzi chake kinamfichua: anasema "ningekuoa", wala hasemi "nitakuoa", na hiyo -nge- haikai ila mahali penye kizuizi. Kizuizi chenyewe amekitaja bila kuficha, kwamba hana mali, na mali inayotajwa mbele ya posa ni mahari. Ukishaondoa sauti tamu ya gitaa, kinachobaki ni malalamiko ya mtu ambaye fedha zinamsumbua roho.

Kuna neno jingine linalowapotosha wengi, nalo ni "hukuwaza", katika ubeti wa kidege. Msikilizaji aliyezoea "hukuja" na "hukula" husikia lawama, kana kwamba binti hakuwaza lolote, ilhali hu- hiyo ni ya mazoea, ileile ya "haba na haba hujaza kibaba", na -ku- inayofuata ni ya yule anayewazwa. Kijana anasema kwamba kila siku humuwaza.

Fadhili William wa Kenya ndiye aliyeurekodi mwanzoni mwa miaka ya 1960, ingawa Adam Salim naye alidai kuwa mtunzi ni yeye, na mzozo huo haukuisha kirahisi. Miriam Makeba na Harry Belafonte waliuimba katika albamu yao ya 1965, kisha Boney M. wakaurudia mwaka 1981, ukaenea kwa watu wasiojua hata neno moja la Kiswahili, ambao kwao ulikuwa wimbo wa mapenzi na basi. Nadhani sisi wenyewe tumejifunza kuusikiliza kwa masikio yao.

Ikiwa mahari ya mdogo wako ilikwisha kulipwa yote, wimbo haukumhusu bwana harusi. Ikiwa limebaki salio, huenda mjomba alichukia kukumbushwa deni mbele ya keki.