Laki saba, kamera ya wikendi, na mizani ya Mangi

Mleta mada anasema ana laki saba, kazi yake ni ya ofisini pale Posta, anataka kamera ya kupigia mtaani na familia siku za wikendi, si ya biashara, na isiwe mzigo. Wadau wa juu hapo wameshamwambia ajichange mpaka milioni mbili achukue fulu fremu (kamera yenye sensa kubwa, ile sehemu ya ndani inayopokea mwanga) ya mtumba "asijutie baadaye". Mkuu, hao waache kwanza. Mimi nilisikiliza ushauri huo huo na majuto niliyapata vizuri tu.

Nilianza na simu kama wote, nikanogewa, nikajibana karibu mwaka mzima nikanunua Canon 5D Mark II ya mtumba na ile lenzi ya 24-70 f/2.8 ya zamani yenye mduara mwekundu, milioni na laki nane zikaondoka. Kamera ya 2008 hiyo ila picha zake mpaka leo ni moto, hapo sina ugomvi. Shida ilianza wiki ya pili. Asubuhi unataka kutoka, unaliangalia begi, unakumbuka daladala za Mbagala mlango unavyogombaniwa, unasema aah leo niiache, kesho. Kesho nayo hivyo hivyo. Mwezi wa tatu nikaangalia tarehe za picha kwenye kadi nikakuta nimeitumia siku nne tu, na mojawapo ni kipaimara cha mtoto wa dada ambako niliagizwa.

Siku moja natoka nayo nikapita kwa Mangi kununua vocha, akaiona ikininginia shingoni, akasema kaka hilo dude si utavunja shingo. Nikamwambia hebu lipime. Akatoa mfuko wa sukari kwenye mizani akaiweka kamera na mkanda wake na filta yake, sindano ikaenda ikasimama kwenye kilo moja na gramu mia tisa hivi. Mangi akacheka, "Kaka hizo ni kilo mbili za sukari, za muuzaji anayepunja." Nikarudi nyumbani nikapiga hesabu na kweli, bodi tupu gramu 810, lenzi peke yake 950, weka betri, mkanda, filta, unafika. Na hapo hujaweka begi, chaja wala maji ya kunywa.

Ikakaa kabatini. Na ukikaa Dar, kabatini ndiyo sehemu mbaya kuliko zote, hilo nitalirudia chini huko.

Baadaye nikauza bodi kwa hasara nikachukua Canon 100D. Hii ni DSLR (zile zenye kioo ndani) ya 2013, megapikseli 18, na ikiwa na betri na kadi ndani ina gramu 407. Niliipata na lenzi yake ya 18-55 kwa laki tano na nusu, halafu nikatafuta ile 24mm f/2.8 STM bapa ambayo mimi naiita chapati, gramu 125, nayo ikanila laki mbili kasoro. Jumla gramu 532. Nikarudi kwa Mangi makusudi, akaipima, akaniangalia, akasema hii sasa ni nusu kilo na kionjo.

Sasa wewe wa laki saba hapo ndipo ulipo. Bei zinabadilika na hizo ni zangu za miaka mitatu nyuma, ila kwa dau lako bodi na hiyo 18-55 inawezekana kabisa, chapati utaiongeza baadaye. Sensa yake ni ya APS-C, yaani ndogo kuliko ya fulu fremu, ukizidisha kwa 1.6 hiyo 24mm inakuwa kama 38mm ya fulu fremu, upana mzuri wa mtaani, si pana sana mpaka watu wanapinda na si nyembamba mpaka ugonge ukuta wa nyuma ukitaka kupiga watu sebuleni. Ubaya wake nisifiche: haina waifai, picha kuja kwenye simu lazima uwe na kadi rida ndogo ya kuchomeka kwenye simu (mimi ninayo kwenye ufunguo wa nyumba), pointi za fokasi ni 9 tu na ya katikati ndiyo ya kuaminika, kwa hiyo unalenga kwa ya katikati, unaminya nusu, unageuza fremu, unapiga. Utazoea ndani ya siku mbili.

Kitu ambacho sikukitegemea ni watu. Pale Feri, soko la samaki, nikienda na dude langu kila mtu ananiuliza mwandishi wa wapi, tutaonekana TV gani, toa hela kwanza. Nikienda na hii ndogo hakuna anayegeuka. Kuna mzee alikuwa anapigapiga pweza sakafuni, unajua wanavyomlainisha, nikamwambia shikamoo mzee, naomba nikupige picha, akasema marahaba, piga, ila usimuingize na huyo kushoto ananidai. Ile picha ninayo mpaka leo, mkono uko juu na pweza kafunguka hewani kama mwavuli, matone yameganda. Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake. Lakini omba ruhusa jamani, na maeneo ya serikali na ya jeshi usijaribu hata kama kamera yako ni ndogo kama kiberiti.

Mirolesi je, maana najua swali linakuja. Zile hazina kioo ndani kwa hiyo ni nyembamba. Sony A6000 ya 2014 ina megapikseli 24, gramu 344 na betri yake na kadi, fokasi yake inakimbia kuliko DSLR zote za bei hii, waifai ipo, na ile lenzi yake fupi ya 16-50 ni gramu 116. Kwenye karatasi inaipiga 100D kila mahali, na mtu akikupa kwa laki saba ikiwa nzima chukua hata usinijibu. Tatizo ni kwamba mara nyingi bei inapita hapo, na ile lenzi inayokuja nayo inatoa picha zisizo kali pembeni, halafu ukitaka lenzi nyingine za Sony zenyewe ndipo utajua hujui. Betri nayo ni ndogo, andaa mbili.

Olympus E-M10 nayo ni tamu sana, gramu 396, na sensa imefungwa mahali panapotulia yenyewe mkono ukitetemeka, kwa hiyo jioni bila stendi unapiga kwa spidi ya chini na picha inatoka imetulia. Ina familia nzima ya lenzi ndogo ndogo. Mimi niliazima ya rafiki wiki mbili na sikutaka kurudisha. Kilichonizuia ni kimoja, betri na lenzi zake nilizunguka Kariakoo mpaka miguu ikauma, wakati betri ya 100D, LP-E12, ndiyo hiyo hiyo inayotumika kwenye Canon M50, M100 na M200, kwa hiyo maduka wanayo. Kama una ndugu anakuja kutoka Dubai au Ulaya wa kukubebea vitu hilo halikuhusu.

Nikon D3200 na Canon 1100D zipo nyingi na ni rahisi zaidi, kila moja ni kama nusu kilo bodi na betri. Si mbaya. Hiyo 1100D ina megapikseli 12 watu wanaicheka, lakini picha ya kusafisha ya sentimita 30 kwa 20 haihitaji zaidi ya megapikseli 8 na nusu hivi, na wewe mwenyewe lini mara ya mwisho umesafisha hata ya 15 kwa 10? Picha zetu zinaishia status.

Ukichukua Nikon za familia ya D3000 na D5000 hizi kuwa makini na lenzi. Jamaa yangu alinunua D3200 halafu akaona 50mm f/1.8D inauzwa bei ya kutupa, akakimbilia, kufika nyumbani fokasi haiendi, anaminya wee. Bodi hizo hazina mota ya fokasi ndani, zinataka lenzi yenye mota yake, yaani AF-S. Sasa hivi anazungusha kwa mkono na anatuambia ndiyo sanaa. Kwake ingefaa 35mm f/1.8G, gramu 200, ndiyo lenzi ya kwanza ningemshauri mtu wa Nikon.

Na hizo Canon M nilizozitaja kwenye betri, M50 na wenzake, ni nyepesi na nzuri ila ujue Canon wameshaachana na mfumo ule wamehamia mfumo mpya wa RF, na lenzi zake huwezi kuzihamishia kwenye bodi za RF. Ukinunua nunua ukijua unaishia hapo hapo. Kwa mtu wa wikendi mbona haina shida.

Kuna vitu viwili vya kukimbia. Kwanza ni zile zenye lenzi ndefu zimeandikwa zumu mara 50, zinaonekana kama kamera ya kazi, kumbe ndani sensa yake ni milimita 6.2 kwa 4.6. Ya 100D ni 22.3 kwa 14.9. Zidisha mwenyewe uone, inaingia zaidi ya mara kumi na moja. Jua likizama picha inakuwa uji, kuna simu zinaipita. Pili ni zile mpya zisizo na jina la maana, boksi limeandikwa 48MP 4K, laki na nusu hadi mbili, zinapendeza rangi. Hizo ni midoli mkuu, bora ubaki na simu yako na hela ukanywe supu.

Dukani sasa, maana hapa ndipo watu wanapigwa. Mimi niliwahi kuuziwa 18-55 mbovu duka moja la mjini (silitaji) kwa sababu nilipiga picha mbili za haraka zikatoka nikaridhika. Kufika nyumbani nikavuta zumu, Err 01. Ndani ya zile lenzi kuna waya bapa mwembamba unaojikunja kila ukizungusha, ukikatika lenzi inaweza kupiga vizuri tundu lake likiwa wazi kabisa ila ukilibana (namba ya f ikipanda) inagoma. Kwa hiyo siku hizi naweka f/8, napiga zumu ikiwa kwenye 18, kwenye 35, kwenye 55, muuzaji anune asinune. Halafu naweka f/22, naelekeza ukuta mweupe au angani bila fokasi, naangalia picha kwa kukuza. Vidoti vya vumbi viwili vitatu ni kawaida, ila mchirizi au doa lisilopulizika hapo mtu kashaparamia sensa na kitambaa. Halafu nachomoa lenzi, nawasha tochi ya simu naimulikia kwa nyuma huku nachungulia mbele. Ukiona nyuzi nyuzi kama utando wa buibui, hao ni fangasi, rudisha, usikubali maneno ya "hiyo inafutika". Betri itoe, ilaze mezani, ikizunguka kama pia ujue imevimba.

Shata (pazia linalofunguka kila ukipiga picha) imepiga mara ngapi, kwa Nikon ni rahisi, piga picha ya JPEG peleka kwenye programu yoyote inayosoma taarifa za faili utaiona namba. Hiyo D3200 shata yake ilipimwa kwa mapigo 100,000, ukikuta 15,000 hujakosea. Canon hawaandiki kwenye picha, inataka uiunge na kompyuta, kwa hiyo utaangalia uchakavu, mpira wa kushikia ukiachia na herufi kwenye vitufe zikifutika basi imekula kazi nyingi za harusi hiyo. Na kama unanunua kwa mtu, andikishaneni, chukua namba ya kamera na kopi ya kitambulisho chake. Kamera za wizi zipo, na ikikutwa kwako wewe ndiye wa kueleza.

Ukishatoa hela ya kamera bakiza elfu hamsini hivi. Memori kadi nunua ya GB 32 halisi, za 256 za elfu kumi ni feki, zinajifanya bado zina nafasi huku picha za mwanzo zimeshafutika. Na nunua kontena la plastiki la kufungia chakula lenye mpira kwenye mfuniko, tupia vipakiti vya silika jeli humo, kamera ilale humo. Usiiweke kwenye begi la sponji kabatini. Sisi wa pwani, Dar, Tanga, Mombasa, Unguja, unyevu wetu haufai, fangasi wanapenda giza na joto na hewa iliyosimama, na begi lina vyote. Wala mchele usiweke, unga wake unaingia kwenye zumu. Na kila wiki itoe, ifungue, iende juani nayo kidogo iote kama mgonjwa.

Ile 24-70 yangu ndiyo ilivyokufa. Miezi mitano kabatini, nilipoitoa nikauze pamoja na bodi mnunuzi akawasha tochi, akachungulia, akanirudishia bila kusema neno. Bado ninayo, nyuzi ziko kwenye kioo cha ndani kabisa. Kuna mdau ana fundi wa uhakika wa kufungua lenzi hapa Dar? Ani-PM.