Umetundika raba, sasa umeshika ubao

Siku zangu za mwanzo za ukocha, neno langu pembeni ya uwanja lilikuwa moja: "Tupa!" Nilicheza kikapu Dar es Salaam miaka 11, nikiwa gadi, yule mchezaji wa nyuma anayeongoza mpira, na mikono yangu ilijua yenyewe mpira utoke lini. Jioni moja kijana wa miaka 15 akaniuliza kwa upole, "Kocha, nitajuaje kwamba sasa ndiyo wakati?" Nikamwonyesha kwa kutupa mwenyewe. Ukaingia. Naye akabaki amesimama palepale na swali lake.

Nawaandikia ninyi mnaotundika raba mwaka huu na tayari mmeitwa kufundisha. Yale mliyoyajua kwa mwili, mtadaiwa kwa maneno.

Aliyenifungua macho ni Steve Kerr, mchezaji wa zamani wa NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani, aliyeichukua timu ya Golden State Warriors kama kocha mwaka 2014. Nilimkumbuka kwa mtupo wa sekunde za mwisho uliowapa Chicago Bulls ubingwa wa 1997, pasi ikitoka kwa Michael Jordan. Nilichokuwa sijakitilia maanani ni muda aliokaa benchi. Misimu 15 NBA, ubingwa mara 5, lakini wastani wa pointi 6 tu kwa mchezo. Mtu wa benchi huutazama mchezo pumzi zake zikiwa zimetulia: anaona nani amechoka, nani amenuna, upande upi wa ulinzi unavuja. Tena alikuwa karibu na makocha wake, Phil Jackson kule Chicago, kisha Gregg Popovich kule San Antonio. Baada ya kustaafu alitangaza mechi na akawa meneja mkuu wa Phoenix Suns kabla ya kukalia kiti cha kocha.

Msimu wake wa kwanza alimwomba Andre Iguodala, ambaye NBA alikuwa hajawahi kucheza mechi bila kuanza, aingie akitokea benchi. Naamini ombi lile lilikubalika kwa sababu mwombaji mwenyewe alilijua benchi. Warriors walitwaa ubingwa, na Iguodala akawa mchezaji bora wa fainali za 2015.

Lakini kilichonibadilisha mimi ni usiku mmoja wa Februari 2018. Kerr aliona wachezaji wamechoka kumsikiliza, akawapa ubao wa kocha wachore mbinu za mchezo wenyewe. Waliifunga Phoenix 129 kwa 83. Wapo walioona ni dharau kwa wapinzani. Mimi niliona kocha anayejua sauti yake imechakaa.

Nilipojaribu kwa vijana wangu, mara ya kwanza ilikuwa vurugu tupu, kila mmoja akijichorea mpira uje kwake. Wiki ya tatu yule kijana wa swali akashika kalamu, akasema: "Beki akigeuza kichwa kumtafuta mtu wake, hapo ndipo unatupa." Nimeishi na jambo hilo miaka yote ile bila kulisema.

Kuhusu malipo, patana kwa maandishi kabla ya mazoezi ya kwanza. Klabu moja ilinizungusha msimu mzima na sikuwa na karatasi ya kuonyesha.

Na kama bado unacheza, anza leo. Ukitolewa nje usijifunike taulo kichwani. Kaa jirani na kocha, chagua mchezaji mmoja wa timu pinzani, mfuatilie robo nzima ya mchezo, kisha jioni mweleze mtu asiyejua kikapu ulichokiona. Akikuelewa, una kitu cha kufundisha kesho.