Trypillia iko nchi gani?
Iko Ukraina jamani, siyo Romania. Ni kijiji cha ukingo wa kulia wa mto Dnipro, kama kilomita 40 hivi kusini mwa Kyiv. Mnachanganya kwa sababu ule utamaduni wa kale wa vyungu vilivyochorwa mizunguko, Waromania wanauita Cucuteni; huko Ukraina utamaduni huo ulipewa jina la kijiji hiki baada ya mwanaakiolojia Vikentiy Khvoyka kuchimba hapo miaka ya 1890. Ila yale makazi makubwa ya utamaduni huo kama Talianky msiyatafute hapo, yako mkoa wa Cherkasy. Na kile kituo cha umeme cha Trypillia kilichopigwa makombora Aprili 2024 kipo mji jirani, Ukrainka.