Dizeli imemwagika karibu na kisima: ninunue bakteria?

Swali: Tangi la jenereta nyuma ya nyumba yetu, kisiwani Lamu, limevuja. Nakisia lita 20 za dizeli zimeingia ardhini. Tumechimba mchanga wote unaonuka, kama mita 2 za ujazo. Nimeambiwa kuna unga wa bakteria wanaokula mafuta. Nitie kiasi gani? Na kisima kiko hatua 20 tu.

Jibu: Unga huo uache dukani. Bakteria wanaokula dizeli wamo tayari mchangani mwako, na wale wa pakiti mara nyingi huzidiwa na wenyeji. Mafuta ya meli ya Exxon Valdez yalipochafua fuo za Alaska mwaka 1989, fuo nyingi zilitiwa mbolea ili kuwalisha bakteria waliokuwapo. Wako nao wamepata kaboni kupita kiasi; walichokosa ni naitrojeni, fosforasi, maji na hewa.

Tandaza nailoni nzito isiyotoboka, ukingo wake uinuliwe pande zote. Changanya mchanga na samadi kavu ya punda pamoja na makumbi yaliyokatwakatwa, jumla yake robo ya ujazo wa mchanga. Hayo ni ya kuachia hewa nafasi. Samadi mbichi haifai: huoza na kula oksijeni ile ile unayoitafuta. Sambaza kwa kina cha sentimita 30, yaani eneo la kama mita 3 kwa 3.

Mbolea hupimwa kwa kaboni: sehemu 100 za kaboni kwa 10 za naitrojeni na 1 ya fosforasi. Lita 20 za dizeli zina kaboni kilo 14 na kitu, kwa hiyo unahitaji CAN (mbolea ya naitrojeni) kilo 5 na DAP (mbolea yenye fosforasi nyingi) robo tatu ya kilo. Usiimwage yote siku moja! Mchanga hushika maji kidogo, na mbolea ikikolea ndani yake huwadhuru bakteria kama chumvi. Igawe mara tatu, kila baada ya wiki tatu, ukiiyeyusha majini kwanza. Urea nimeiacha makusudi, kwa kuwa mchanga wenye chokaa ya matumbawe huigeuza kuwa amonia ikapotea hewani.

Mchanga ukiwa mkavu kabisa, anza na ndoo 12 za lita 20. Maji ya kisima chenye chumvi yaepuke; ya mvua kutoka jabia ni bora. Ukifinya konzi ya mchanga, kiganja kibaki na unyevu lakini tone lisidondoke. Mchanga ukitota, hewa hukatika na kazi husimama. Hapo utasikia harufu ya yai viza. Pindua kwa beleshi mara moja kwa wiki, na mvua ikija funika kwa turubai.

Harufu ya dizeli itaisha mapema, pengine ndani ya mwezi, na hapo ndipo wengi hukosea. Sehemu nyepesi imeruka hewani tu, nzito ingalipo. Tia mchanga kidogo katika chupa ya kioo yenye maji, tikisa, uache utulie. Ukiona juu utando wenye rangi za upinde wa mvua, endelea kupindua. Usipouona, peleka sampuli maabara wapime jumla ya haidrokaboni za petroli, yaani mabaki ya mafuta, kabla ya kuurudisha mchanga shimoni. Kwa joto la Lamu, tarajia miezi mitatu hadi sita. Ingekuwa oili chafu ya injini ningekupa jibu jingine, maana risasi na zinki zilizomo haziliwi na bakteria yeyote.

Shimo lenyewe usilimwagie sabuni. Itaisukuma dizeli iliyobaki chini, kwenye maji matamu yanayoelea juu ya maji ya chumvi. Na kisima hicho kisinywewe hadi maji yapimwe, kwani kuchemsha wala klorini haviondoi dizeli. Kama imeshafika majini, hilo halitibiwi kwa beleshi: wapigie NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya.