Mama katoka hospitali, app inamshinda

SWALI: Shikamoo dada. Mama yangu ana miaka 74, alilazwa sababu moyo ulikuwa hausukumi damu vizuri, wiki iliyopita karuhusiwa. Tumepewa mashine ya presha, mzani na app ya kujaza namba kila siku ili nesi azione. Sasa simu ya tachi inamshinda na mimi nakaa mbali, jana nimekuta siku 3 hajajaza kitu. Nimuongezee alamu au tuachane nayo? – Binti mwenye wasiwasi

JIBU: Marahaba mdogo wangu, pole kwa kuuguza. Msiachane nayo, ila alamu usiongeze, zikilia mno mtu mzima anazima simu yote. Shika mzani kwanza. Moyo ukichoka maji yanabaki mwilini, na mara nyingi kilo zinapanda hata kabla miguu haijavimba. Ajipime kila asubuhi akishatoka chooni, kabla hajala, nguo nyepesi, mzani uleule na uwe kwenye sakafu ngumu sio juu ya zulia. Zikiongezeka kilo 2 ndani ya siku 3 pigeni simu kliniki siku hiyohiyo msingoje tarehe ya kurudi, na kama daktari wenu kawapa kipimo kingine fuateni chake.

Halafu nani kasema lazima ajaze yeye? Mpigie video kila asubuhi saa ileile, aelekeze kamera kwenye mzani, wewe soma ujaze hukohuko uliko. Muulize nesi kama ndugu anaweza kufunguliwa akaunti yake, usichukue paswedi ya mama kimyakimya, muombe, ni habari za mwili wake hizo jamani. Na kwenye video utaona mengine, anahema akiongea? Analalia mito mingapi? Aliyekuwa analalia mmoja sasa anataka mitatu ndio apumue, hiyo mwambie nesi hata kama app haijauliza.

Siku moja amwage dawa zote mezani uzione, za zamani na hizi mpya, maana pakiti mbili za rangi tofauti zinaweza kuwa dawa ileile akawa anameza dozi mara mbili bila kujua.

Na hili naomba uulize leo leo: usiku na wikendi namba hizo anaziangalia nani? Sehemu nyingi hakuna mtu. Kwa hiyo akibanwa kifua, akikosa pumzi au akizimia ni emajensi hapohapo, app mtajaza mkirudi.